Wasifu wa wakala wa nyumba Mombasa: upi uandike, upi uuache

Soma kwanza wasifu huu:

"Wakala mahiri mwenye uzoefu mkubwa katika sekta ya mali isiyohamishika. Mwaminifu, mchapakazi, na mteja kwangu ni mfalme. Nauza na kupangisha nyumba, ploti, ofisi na maghala Mombasa, Kilifi, Kwale na kote nchini. Ndoto yako ndiyo kazi yangu. Piga simu leo!"

Kisha huu:

"Napangisha na kuuza nyumba Bamburi, Kiembeni na Utange tangu 2014. Nimesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Mawakala wa Nyumba. Nambari yangu iko hapa chini, na cheti cha mwaka huu nitakuonyesha ukikitaka. Kuonyeshwa nyumba hulipi. Dipoziti unampa mwenye nyumba mbele yangu, kwa risiti. Ploti siitangazi kabla ya kufanya upekuzi wa umiliki kwenye ofisi ya ardhi, na nakala ya upekuzi huo ni yako. Nimezaliwa Kisauni. Ukiniuliza nyumba gani Kiembeni ina kisima cha maji ya chumvi, nitakwambia kabla hujahamisha hata godoro."

Zote mbili nimeandika mimi. Ya kwanza niliiandika nilipoanza kazi, ya pili ndiyo ninayoitumia leo. Kati yake kuna miaka ya kujaribu, kufuta na kuandika upya, na kuwasaidia mawakala wenzangu kuandika za kwao. Nitakulinganishia niliyojifunza, uchague linalokufaa, maana wasifu wa mtu anayeuza maghala Changamwe hauwezi kuwa sawa na wa mtu anayepangisha vyumba Majengo.

Lakini kwanza umfikirie anayesoma. Hasomi kwa starehe. Ni muuguzi aliyehamishiwa hospitali ya Mombasa, ana wiki moja ya kupata nyumba na vyombo vyake viko kwenye lori. Ni kijana aliye Doha anayetaka kumnunulia mama yake ploti, na hataweza kuja kuiona mwenyewe. Ni mjane wa Tudor anayetaka kupangisha ghorofa ya juu, na anaogopa mpangaji atakayekaa miezi minne bila kulipa. Kila mmoja ana pesa mkononi na hofu yake moyoni, na hofu hizo hazifanani.

Yangu naijua vizuri. Mwaka 2013, kabla sijaingia kwenye kazi hii, nilikuwa natafuta nyumba ya vyumba viwili Kisauni. Nikamlipa dalali shilingi 1,000 za kuonyeshwa nyumba. Tulipofika, mlango ulifunguliwa na mama aliyebeba mtoto mgongoni. Alikuwa mpangaji wa pale, hahami, na habari ya nyumba kutangazwa hakuwa nayo. Dalali akaniambia ipo nyingine, ila ni shilingi 1,000 nyingine. Kwenye kikaratasi chake alikuwa ameandika kwa herufi kubwa kwamba uaminifu ndio ngao yake. Tangu siku ile, neno "mwaminifu" likiandikwa na mwenyewe, halinigusi.

Sifa au ushahidi

Tofauti kubwa kati ya wasifu wangu wa kwanza na wa pili ni hiyo. Wa kwanza unajisifu, wa pili unampa msomaji kitu cha kushika. Nilipotaka kusema mimi ni mwaminifu, nikaandika jinsi pesa zinavyotembea: kuonyeshwa hulipi, dipoziti inakwenda kwa mwenye nyumba, risiti ipo. Nilipotaka kusema nina uzoefu, nikaandika mwaka na mitaa. Nilipotaka kusema mimi ni mtaalamu, nikaeleza kitu ninachokifanya kabla ya kutangaza ploti. Neno "mahiri" halipo tena, na hakuna mteja hata mmoja aliyeniuliza limekwenda wapi.

Wazee wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kuna mawakala wanaoitumia methali hiyo kutoandika wasifu kabisa. Nyumba nzuri kweli hujiuza. Lakini wewe si nyumba. Mteja haji kukukagua kuta, na usipomwambia kitu anachoweza kukihakikisha, atabaki kukupima kwa shati ulilovaa kwenye picha.

Kati ya ushahidi wote, usajili ndio wa kwanza. Sheria ya Mawakala wa Nyumba, Sura ya 533 ya sheria za Kenya, inakataza mtu kufanya kazi hii bila kusajiliwa, na aliyesajiliwa huwa na cheti cha kufanyia kazi kinachohuishwa kila mwaka. Ikiwa unacho, andika nambari. Usiishie kwenye "nimesajiliwa", kwa sababu neno hilo hata asiyesajiliwa hulisema, ila nambari mtu anaweza kuipeleka kwa bodi akauliza. Ikiwa huna, usiandike kitu chochote kinachofanana na kuwa nacho. Wapo wanaoweka nembo ya serikali pembeni mwa jina lao wakidhani inapendeza. Mteja akigundua, hata yale ya kweli uliyoandika yanakuwa uongo machoni pake. Aliye chini ya ofisi iliyosajiliwa aandike hivyo hivyo: "nafanya kazi chini ya wakala aliyesajiliwa", na nambari ya ofisi ifuate. Hakuna aibu ndani yake.

Sifa zina mahali pamoja tu panapozifaa, nalo ni mdomoni mwa mtu mwingine. Maneno mawili matatu ya mteja wako wa zamani yana uzito kuliko aya nzima yako. Ila mwombe ruhusa, tena ya maandishi. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, jina la mtu na picha ya sebule yake si vitu vya kujichukulia. Na umwombe aseme jambo, asikupambe. "Aliniambia mapema kwamba maji ya mfereji hayaji kila siku" ni ushuhuda mzuri kuliko "Mungu ambariki, ni mtu mzuri sana", ingawa dua hiyo ya pili naipenda zaidi.

Mombasa nzima au mtaa wako

Hapa nataka kukaa kidogo, maana ndipo wengi tunapojikwaa. Wakala anaogopa kwamba akitaja mitaa mitatu, atampoteza mteja wa mtaa wa nne. Kwa hiyo anaandika "Mombasa na viunga vyake", au anaongeza Kilifi na Kwale, au kama mimi wa mwaka ule, nchi nzima. Mtu anayetafuta nyumba Bamburi anausoma wasifu huo na haoni kama unamhusu. Anayetaja Bamburi kwa jina ndiye atakayepigiwa.

Kuna anayefaidika na upana, nisimnyime haki yake. Ofisi yenye mawakala watano, kila mmoja na upande wake, inaweza kuandika mji mzima bila kudanganya. Anayeuza maghala na yadi naye hafungwi na mtaa. Mteja wake anataka kujua lori refu litageuka vipi na umbali hadi bandarini au stesheni ya reli ya Miritini, kwa hiyo huyo ajitambulishe kwa aina ya mali. Lakini wewe unayepangisha na kuuza nyumba za watu kuishi, taja mtaa, kisha onyesha kwa sentensi moja kwamba unaujua kwa ndani.

Sentensi hiyo hubadilika kila unapovuka daraja. Chukua Mji wa Kale. Ni eneo la hifadhi. Mtu hanunui nyumba pale akabomoa ukuta au kung'oa mlango wa nakshi kama apendavyo, kuna ofisi ya uhifadhi ya kupitia. Wakala wa Mji wa Kale anayeandika "nitakueleza ni matengenezo gani yanahitaji kibali kabla hujanunua" amesema mengi kuliko anayeandika "nyumba za kihistoria zenye mvuto wa kipekee".

Nenda Majengo, Kisauni au Likoni, ukutane na jambo ambalo mtu wa bara akilisikia anadhani umeteleza ulimi: nyumba bila ardhi. Kuta, paa na milango ni vyako, kiwanja ni cha mtu mwingine, na unamlipa kodi ya ardhi. Nyumba za namna hii zinarithiwa, zinapangishwa, zinauzwa, na watu wamezaliwa na kuzeekea humo. Lakini mnunuzi anayetoa akiba yake yote akidhani amenunua na ardhi yake, siku mwenye kiwanja akitokea, huwa analia kwenye ofisi za watu. Nimemwona mtu mzima akilia hivyo, na wakala aliyemuuzia alikuwa ameshabadilisha nambari ya simu. Kwa hiyo mwenzangu mmoja wa Majengo aliponiomba nimsaidie, tulifuta aya yake yote tukabakisha hii: "Nauza nyumba zenye hatimiliki na nyumba bila ardhi. Kila tangazo langu linasema ni ipi, na kama ni bila ardhi, linasema kodi ya ardhi ni kiasi gani na analipwa nani." Alihofia itawafukuza wanunuzi. Nami nikamwambia itawafukuza wale ambao wangerudi kugombana naye.

Nyali na Shanzu hofu ni nyingine. Wanunuzi wengine si raia wa Kenya, na kifungu cha 65 cha Katiba ya 2010 kinasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi ila kwa ukodishaji usiozidi miaka 99. Wakala wa huko akiandika kwamba huwaeleza wageni jambo hilo siku ya kwanza, na kwamba fleti ina ada ya huduma ya kila mwezi juu ya bei, msomaji anapumua. Mtwapa nako, watu huiita Mombasa kwa mazoea, lakini ukivuka mkono wa bahari pale darajani umeshaingia Kaunti ya Kilifi, na kodi za kaunti zinalipwa huko. Wasifu unaosema "Mtwapa, Mombasa" unamwambia mnunuzi makini kwamba wakala hajawahi kufuatilia karatasi za ploti ya Mtwapa hadi mwisho. Likoni, mpangaji anayefanya kazi Kisiwani anataka kujua jambo moja kwanza, feri. Mwambie unajua kutembea kutoka kila nyumba yako hadi kivukoni ni dakika ngapi, na uwe umetembea kweli.

Dalali au wakala. Mimi, yeye au sisi

Udalali ni kazi ya heshima ya zamani hapa pwani, na neno lenyewe halina kosa. Kosa limeletwa na watu. Leo ukiandika "dalali" juu ya jina lako, nusu ya wasomaji wanaushika mfuko. Ukiandika "wakala wa nyumba", wanasoma mbele. Mimi kichwani naandika wakala, na ndani ya matangazo yangu ya nyumba neno dalali naliacha mahali pamoja, kwa sababu watu wakiulizana barazani wanasema "nitafutie dalali". Na achana na "mali isiyohamishika". Ni Kiswahili sahihi, kinafaa kwenye mkataba, lakini hakuna mama anayempigia mwanawe simu amwambie anatafuta mali isiyohamishika. Anatafuta nyumba. Anatafuta ploti.

Kuhusu nafsi, "yeye" ina mahali pake: tovuti ya kampuni, au barua ya kuomba kusimamia jengo la fleti ambayo itasomwa na kamati ya wenye fleti. Hapo "amefanya kazi tangu 2014" inakaa vizuri, maana ni ofisi inayomtambulisha mtu wake. Lakini kwenye WhatsApp, mahali ambapo mteja atabonyeza na kuzungumza na wewe mwenyewe dakika ileile, "yeye" husikika kama mshereheshaji anamkaribisha mgeni rasmi. Tumia "mimi". Na hata hiyo "mimi" huhitaji kuiandika, kitenzi kinaibeba: napangisha, nauza, nakagua.

"Sisi" ndiyo ninayoihofia zaidi. Wakala yuko peke yake na simu moja, anaandika "timu yetu imejitolea kukuhudumia". Mteja anapiga, anajibiwa na mtu yuleyule, jioni yuleyule, kesho yuleyule, na anaanza kujiuliza mengine nayo yakoje. Kama uko peke yako, kuwa peke yako ni faida, kwa hiyo iandike: "simu hii naishika mwenyewe". Kijana wa Doha atalala vizuri akijua ni mtu mmoja, mwenye uso mmoja, atakayemuuliza.

Kiswahili au Kiingereza

Wengi huandika Kiingereza kwanza kwa kuamini kinaonyesha usomi, kisha wakitafsiri ndipo yanapotokea yale ya "shauku yangu ni kuunganisha watu na nyumba za ndoto zao", maneno ambayo hayajawahi kusemwa na mtu yeyote Kongowea sokoni. Ukiwa na wateja wa lugha zote mbili, andika mara mbili, kila mara ukiwa na msomaji wake kichwani. Wa Kiingereza pengine ataanzia kwenye miaka 99 na ushuru wa stempu, yaani kodi ya kuhamisha umiliki, ambao mjini ni asilimia 4 ya thamani ya mali. Wa Kiswahili ataanzia kwenye dipoziti, maji na mwenye nyumba ni mtu wa namna gani. Ukiwa na nafasi ya mmoja tu, tazama simu kumi za mwisho ulizopigiwa, uangalie zilikuwa za lugha gani. Wangu ni wa Kiswahili.

Urefu na picha havina mjadala mrefu. Kwenye simu, sentensi nne hadi nane. Kwenye tovuti unaweza kufika aya tatu, lakini usajili na mitaa vibaki juu. Picha iwe ya uso wako wa sasa, mchana, kwenye mtaa unaoutaja, si umeegemea gari la mtu.

Mwenye miaka mingi na anayeanza

Mwenye miaka mingi kazi yake ni kupunguza. Ana vyeti, semina, majengo aliyosimamia, na anataka vyote viingie. Achague vile vinavyojibu hofu ya msomaji wake, vingine aviache kwa siku ya kukutana.

Anayeanza ndiye anayenigusa. Huyo hudhani hana cha kuandika, kwa hiyo anakopa "uzoefu mkubwa" ambao hana. Mwaka jana alikuja ofisini kwangu kijana aliyekuwa ameendesha tuktuk Bamburi na Kiembeni miaka sita, sasa anataka kujifunza kazi hii chini yangu. Wasifu wake ulikuwa na maneno kama yale yangu ya kwanza, yote. Tukaenda kukaa nje, mahamri na mbaazi mezani, nikamwambia aweke karatasi pembeni anieleze njia ya kutoka kwenye lami hadi nyumba fulani aliyokuwa anaitangaza. Akaanza: mvua ikinyesha upitie nyuma ya msikiti kwa sababu mbele panajaa maji, usiku taa zinaishia kwenye duka la pili, mama wa nyumba ya pembeni anauza maji kwa mitungi, kwa hiyo ujue pale mfereji hautoki sana. Nilikuwa naandika huku anaongea. Alipomaliza, wasifu ulikuwa tayari, na nikamsomea:

"Naanza kazi ya uwakala mwaka huu, chini ya wakala aliyesajiliwa; nambari ya ofisi iko hapa chini. Kabla ya hapo nimeendesha tuktuk Bamburi na Kiembeni miaka 6. Najua njia inayojaa maji wakati wa masika, ninajua taa za barabarani zinaishia wapi, na ninajua nyumba zinazonunua maji ya mitungi. Kukuonyesha nyumba sitozi, na pesa yako sishiki mimi, inakwenda ofisini kwa risiti."

Akauliza, kuandika tuktuk si kujishusha? Nikamuuliza yeye, katika miaka hiyo sita, abiria wangapi walimuuliza kama anajua nyumba ya kupanga. Akanyamaza, kisha akasema kila wiki hakosi.

Tuliuweka vile vile. Mtu wa kwanza kumpigia alikuwa mwalimu aliyekuwa anahama kutoka Mikindani. Hakuanza na bei. Alimuuliza, "Wewe ndiye wa tuktuk? Haya niambie, hiyo nyumba ya Kiembeni, masika yakiingia mtoto wangu atapita wapi kwenda shule?"